Kwa Baba Ishmael Nyangau, Aliyelikata Gari Alilolipenda

Mwaka mzima umekwisha sasa, Baba, tangu ulipofumba macho katika mvua za mwezi wa nne mwaka jana, 1957. Hapa Manga bado hatujazoea. Mgeni akiegemea madigadi ya gari pale uani, sisi sote tunageuka kutazama mlangoni, tukingoja sauti yako: "Wewe! Huo si ukuta!" Sauti haiji. Mgeni anaendelea kuegemea, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kumfukuza.

Ulikuwa mkali kwa vitu na mpole kwa watu. Nyundo ikirudishwa mahali pasipo pake ulinuna mpaka jioni, lakini mtoto akivunja chungu ulisema tu, "Kilikuwa kimezeeka." Kanisani uliimba sauti ya chini kwa nguvu zako zote, nje kabisa ya wimbo, na mzee wa kanisa hakuthubutu kukuambia kitu kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukitengeneza kengele.

Wengi wanaosoma haya walikujua Keroka tu, pale kwenye karakana yako kando ya barabara. Tunataka wajue pia habari ya gari, kwa sababu kila mmoja huisimulia kwa namna yake na wengine wanakusema vibaya.

Uliporudi kutoka vitani mwaka wa 1946, ukiwa fundi wa magari ya jeshi, ulilikuta gari hilo nyuma ya maduka. Mzungu mmoja mtafuta dhahabu alikuwa ameliacha hapo kabla ya vita. Paa lilikuwa limeoza, kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, na mgagani ulikuwa umeota katikati ya usukani. Mwenye kiwanja alifurahi ulipoomba kuliondoa. Ulilivuta kwa ng'ombe, huku watu wakikucheka njia nzima.

Miaka sita ulilishughulikia. Hukutaka kulifanya jipya. Ulitaka kulirudisha lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Spoku za mbao za magurudumu zilizovunjika ulizichonga moja moja, ukizilinganisha na zile nzima. Mama alipokuuliza kwa nini hulipaki rangi nyekundu, maana ndiyo iliyokuwapo dukani, ulimwonyesha mahali ulipofungua bati la taa. Chini yake rangi ya zamani ilikuwa imejificha jua lisiione: samawati nzito, kama mlima wakati mvua inakuja. "Hii ndiyo yake," ulisema. Ukangoja mwaka mzima hadi rangi kama hiyo ikapatikana Kisumu.

Karakana ile mlikuwa wawili. Mwenzako alikuwa Okeyo, seremala aliyetoka upande wa ziwa, hodari wa kutengeneza bodi za malori. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Okeyo alipenda gari lako kama mtu anavyopenda ubao mzuri: akiliona tu anafikiri atalikata wapi.

"Ndugu yangu," alikuambia siku moja, "hili ni gari la watu wanne. Nikikata hapa nyuma, niweke mbao na mabenchi mawili, litabeba watu kumi na ndizi zao."

"Aliyelitengeneza hakuwa mjinga, Okeyo."

"Hakuwa mjinga. Lakini hakuwahi kuiona barabara ya Keroka."

Mlicheka wote wawili, na jambo likaishia hapo. Lilikuja kuwa zito baadaye, kwa sababu ya mama.

Mama yetu Esnah alianguka kwenye miamba ya Manga mwaka wa 1951, akikata nyasi za kuezekea. Nyonga ilivunjika, na ilipopona ilikaza kama mlango uliopigiliwa misumari. Tangu siku hiyo hawezi kuketi. Anaweza kulala, na anaweza kusimama kwa fimbo muda kidogo. Kiti kwake ni kitu cha kutazama tu. Mara moja vijana wa kanisa walimbeba kwa machela kumpeleka Sabato, lakini kwenye mteremko waliteleza na akazimia kwa maumivu. Hakuomba tena kwenda popote.

Gari lilipokamilika mwaka wa 1952, ulilipandisha mpaka uani kwetu. Majirani walikuja kujitazama kwenye taa zake. Mama alisimama mlangoni na fimbo yake, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea polepole, akashika mlango wa gari, akajaribu kuingiza bega, halafu mguu. Mlango ulikuwa mwembamba na kiti kilikuwa kifupi. Mwili wake haukukunjika.

"Ni zuri, Baba Nyanchera," alisema. "Wapeleke watoto."

Ulituzungusha mara moja tu. Ulirudi, ukalifunika gari kwa turubai.

Okeyo ndiye aliyesema. Alipanda Manga siku ya pili, akala ugali wetu, na ulipomsindikiza hadi barabarani akakuambia, "Toa kiti cha nyuma. Tukate bodi na paa, tutengeneze sanduku refu. Shemeji ataingia akiwa amelala."

"Gari si mbuzi wa kuchinjwa."

"Na mke wako ni nini?"

Baba, ulimsukuma. Nyanchera wetu alikuwa akichota maji pale karibu, aliona. Okeyo hakukurudishia. Alikwenda Keroka, akatoa randa na misumeno yake kwenye karakana, akahamia ng'ambo ya barabara. Karibu mwaka mzima mlitazamana kuvuka vumbi bila salamu, wewe ukisugua shaba, yeye akipigilia malori.

Tunajua ulikuwa unawaza. Ulipima mlango ule kwa kamba, mara kwa mara. Ulijaribu kutengeneza kiti cha kulala mbele, kikagonga usukani. Uliamini ipo njia ya kumwingiza mama bila kuligusa gari, na uliitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi alizozilalia mwenyewe.

Kisha Ombui, kaka yake mama, alifika kutoka Kebirigo akiwa ametota. Alisimama tu, hata kabla ya kupewa kiti, akasema, "Mama anamwita Esnah. Hali chakula tena."

Bibi yetu Nyaboke alikuwa hajamwona binti yake tangu alipoanguka. Ombui alisema watapatikana wanaume wa kubeba machela. Mama alitazama mvua, akatazama njia inavyoteremka.

"Nitakwenda," alisema. "Nikizimia, msisimame."

Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mlango. Ulivaa kofia ukatoka, na gari ukaliendesha mwenyewe hadi Keroka.

Yaliyofuata alitueleza baba mdogo Okeyo. Alikuwa akipiga randa. Ulivuka barabara, ukasimama mbele yake huku maji yakikudondoka.

"Okeyo."

"Sema."

"Lete msumeno wa chuma."

Aliweka randa chini. "Niache nikate mimi. Wewe kaa kando, usitazame."

"Hapana," ulisema. "Nimelijenga kwa mkono huu. Nitalikata kwa mkono huu."

Ulikata. Okeyo anasema ulipofika kwenye ubavu ulisimama kidogo, ukashika bati kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe, ukaendelea. Yeye alikuwa akipima mbao. Mlitengeneza sanduku refu lenye mlango nyuma, na ndani mkatundika kitanda cha kamba kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi za ndani, ili mashimo ya barabara yasimfikie mama. Mbao hazikupakwa hata rangi. Mbele lilikuwa lile gari la samawati linalong'aa, na nyuma lilikuwa banda la kuku. Watu wa Keroka walijaa barabarani. Mmoja alisema, "Nyangau ameingiwa na wazimu." Okeyo akamjibu, "Amepona leo."

Mama aliingia akiwa amelala. Hakuinamishwa wala hakukunjwa. Mlango wa nyuma mliuacha wazi aweze kupumua, na mlipoanza safari alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ombui afike.

"Naona tulikotoka tu!" alikupigia kelele. "Sioni tunakokwenda."

"Nitakuambia mimi," ulimjibu.

Na ulimwambia, njia nzima hadi Kebirigo, ukipiga kelele kushinda injini. "Sasa tunateremka! Kuna ng'ombe watatu, mmoja ana pembe moja! Sasa mto, shikilia! Mashamba ya watu yamependeza huku, Esnah, wimbi limesimama na masuke yake!" Okeyo aliyekaa kando yako anasema ulimwambia hata habari za mawingu. Mama anasema ndiyo safari nzuri kuliko zote alizowahi kwenda, na hakuiona.

Bibi Nyaboke alikuwa hai. Walimlaza mama kwenye kitanda karibu na chake, mkono ukafika mkono. Wewe, kwa heshima ya mkwe, hukuingia. Ulisimama nje chini ya paa, mvua ikikupiga mgongoni, na bibi alizungumza nawe kupitia ukutani.

"Mkwe wangu, umeniletea mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Ameniambia umelivunja gari lako."

"Nimelirekebisha kidogo, mama."

Wanawake waliokuwa ndani walicheka hadi bibi akakohoa. Alipumzika wiki iliyofuata, mama akiwa kando yake. Mama alimfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, na hilo, Baba, ndilo analokushukuru zaidi ya yote, kuliko nyumba, kuliko shamba la kahawa.

Hukulirudisha gari lilivyokuwa. Mama alikwenda Sabato kila wiki tangu hapo, na baada ya kanisa mlipita kwa wagonjwa. Wanawake wenye mimba, wazee, Machogu wetu alipoungua mguu: wote walilala kwenye kitanda kile. Watu waliliita gari "Kitanda," na ulikasirika kidogo kila mara. Hatutasema kwamba hukuumia. Siku za Jumapili ulikuwa ukipangusa upande wa mbele, taa na spoku na ile rangi, mpaka ulipofika pale mbao zinapoanza, hapo unakunja kitambaa. Tulijifanya hatukuoni.

Na Okeyo alirudisha randa yake karakanani. Hakuna aliyeombwa msamaha, tulivyojua. Asubuhi moja tu tulikuta misumeno yake imetundikwa mahali pake, na wewe ukilalamika kwamba ameitundika kinyume.

Kifua kilipokushika mwaka jana, ulilala kwenye kitanda kile mwenyewe, Okeyo akiendesha hadi hospitali ya Kisii. Madaktari walijitahidi. Njiani Okeyo alikuwa akikusimulia barabara iliyoko mbele. Ulimwambia apunguze mwendo kwenye mawe, gari ni zee.

Sasa tukueleze jambo la mwaka huu, maana ungetaka kulijua.

Mwezi wa pili Okeyo alikuja na lori lake, nyuma kabeba bodi nzima ya gari kama lako, aliyoipata kwenye shamba moja huko Sotik. Kiti cha nyuma kimo, paa limo, hata vipini vya milango. Alisimama mbele ya mama, kofia mkononi, mtu mzima machozi yakimtoka.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia akate. Alilipenda gari hili likiwa zima. Niache nilirudishe kama alivyolitaka, liwe ukumbusho wake. Wewe nitakubeba kwa lori, nitatengeneza kitanda kingine bora kuliko hiki."

Mama alitembea na fimbo yake hadi kwenye ubavu wa gari, mahali bati la samawati linapokutana na mbao. Sisi hatukuwahi kupaangalia vizuri. Msumeno ulianza vizuri kutoka juu, mstari umenyooka kama ulivyonyoosha kila kitu. Katikati umeyumba, ukaingia ndani upana wa kidole, kisha ukarudi. Wewe, ambaye ulimfanya Onchiri wetu achonge upya mguu wa kiti kwa kosa la nusu ya hapo.

Mama aliweka kidole pale palipoyumba.

"Hapa alikuwa ananifikiria," alisema. "Okeyo, paka mafuta pasipate kutu. Usipanyooshe."

Okeyo alipaka mafuta. Ile bodi aliyoileta imewekwa karakanani, chini ya turubai, kwa ajili ya fundi mwingine mwenye gari kama hilo.

Sabato hii tutakuombea kanisani Manga. Mama atakuja amelala kwenye kitanda chake, Okeyo ataendesha, na Nyanchera atakaa mbele amweleze njia. Jamaa na marafiki wote wanakaribishwa nyumbani baadaye kwa chakula.

Unakumbukwa na mkeo Esnah Mong'ina. Watoto wako Nyanchera, Onchiri na Machogu. Shemeji yako Ombui na jamaa wote wa Kebirigo. Ndugu yako Okeyo na familia yake. Na wagonjwa wote uliowabeba, ambao hatuwezi kuwataja kwa wingi wao.

Pumzika, Baba. Maadamu tunaishi hutatoka mioyoni mwetu.