Waya za Kwenda na za Kurudi

Jumamosi. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake tangu asubuhi, vumbi linapita chini ya mlango kama lina ufunguo. Nimedeki sebule, nikakaa, nikaiangalia, nikadeki tena. Hakuna aliyekanyaga. Nadeki kwa ajili ya nani, sijui.

Niseme tu ukweli, nina upweke. Ni ule wa kusonga ugali wa mtu mmoja na kukosea kipimo kila siku, halafu asubuhi unakula kiporo chako mwenyewe.

Marehemu mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa kurekodi kwaya. Sebule hii hii ya Ipagala ndiyo ilikuwa studio yake: magodoro ukutani, mapazia mazito, na pale kwenye kona mashine ya mkanda, ile kubwa ya njia nane. Juu yake kuna visanduku vya kupunguza mvumo. Watoto wa siku hizi hawaujui mvumo. Mkanda una shiiii yake hata kama hakuna anayesema kitu. Wakati wa kurekodi, visanduku vile vinaibana sauti. Wakati wa kusikiliza unaipitisha tena humo humo, upande wa pili, viiachie. Vikiiachia, ile shiiii inazama. Usipoipitisha, unasikiliza upepo.

Tangu afariki sina sauti yake. Jamani, mtu aliyerekodi kwaya za mji mzima, kwenye simu yangu hakuacha hata ujumbe mmoja wa sauti! Alikuwa mtu wa "nipigie". Kilichobaki ni mkanda mmoja wa kwaya ambao aliuacha ukizunguka kati ya wimbo na wimbo huku akiongea na wanakwaya. Najua yumo. Kwenye ile shiiii namsikia akinong'ona, maneno siyapati.

Neno lake ninalolisikia bila mashine ni moja tu, nalo silipendi. Ni la siku hiyo hiyo ya mkanda huu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele, naimba wimbo wa bibi yangu wa kusagia, Kigogo kitupu. Akaja mlangoni, watu wamejaa sebuleni, akasema, "Mama Neema, kelele." Akarudi kwenye kazi yake. Nilinyamaza. Jikoni kwangu sijaimba tena toka siku ile, na wala hakuwahi kuniuliza kwa nini. Neno hilo nimekwenda nalo mpaka makaburini na nimerudi nalo nyumbani.

Nataka nimsikie akisema lingine. Ndiyo maana nahangaika.

Na mkanda wenyewe umechoka. Kila ukizunguka unaacha unga wa kahawia kwenye vichwa vya mashine, na huo unga ndiyo sauti yenyewe. Nikiendelea kubahatisha, nitakuwa namfuta mume wangu kwa pamba na spiriti.

Juzi Neema kanipigia kutoka Mwanza. "Mama, si uyatoe tu hayo machuma upate nafasi?" Nafasi! Nafasi ndiyo kitu pekee nilichojaaliwa humu ndani.

Tatizo ni waya. Wakati wa msiba sebule ilitolewa kila kitu ili mikeka itandikwe, na waya zikachomolewa na watu wenye nia njema kabisa. Zimebaki na vikaratasi vyake tu, kwa mwandiko wake: KWENDA, KURUDI. Mimi nikasema, ah, rahisi. Kwenda ni sauti kwenda kwenye mashine, kurekodi. Kurudi ni sauti kurudi kwangu nisikilize. Leo asubuhi nikaipitisha sauti ya mkanda kwenye waya za KURUDI. Lo! Ikatoka sauti kali kama bati linaburuzwa, shiiii imenenepa mara mbili. Nikakagua jeki za waya, moja moja. Nikabadilisha visanduku. Wapi! Nikazima, nikamgombeza marehemu kwa sauti kubwa, mimi na kuta.

Mchana akaja Mama Zubeda, jirani yangu, kuniaga.

"Mwenzangu, kesho narudi Kondoa. Nitakaa huko mpaka mvua."

"Unarudi au unakwenda? Si unaishi hapa toka Neema anatambaa?"

"Aka! Ugenini ndiko mtu anakwenda. Kwao anarudi."

Akacheka, akaniachia ufunguo wa geti na kuku zake. Mpaka mvua! Na hapo hata zabibu za kiangazi bado hazijavunwa. Nilisimama mlangoni na ule ufunguo, machozi yako karibu, halafu maneno yake yakanigeuza.

Kwao anarudi.

Na Baba Neema, kwao ni wapi? Mimi nyumbani nilipaweka hapa kwenye kochi, masikioni mwangu. Yeye kwao ilikuwa mashine. Kinachotoka kwenye mashine kinakwenda, kinachoingia kinarudi. Muda wote nilikuwa naipeleka sauti upande wa kubana, inabanwa mara ya pili, maskini.

Nikachomoa zote, nikachomeka za KWENDA. Nikasafisha vichwa, nikaweka simu irekodi pembeni, nikabonyeza.

Shiiii ikazama. Kimya kile kilinishtua. Kiti kikalia, mtu akakohoa, kisha mwalimu wa kwaya akasema, "Fundi, kuna mama anaimba huko jikoni."

Halafu yeye, karibu kabisa, na sauti yake kavu ile ile: "Namsikia. Mwacheni amalize ubeti."

Kwaya nzima ikangoja. Mkanda unazunguka, na yeye ndiye aliyekuwa akigomba ukipotea hata kidogo. Mbali, nyuma ya ukuta, mwanamke kijana anaimba na mwiko wake, hana habari kwamba anasubiriwa. Hakuna aliyekohoa mpaka nilipomaliza. Ndipo zikasikika hatua, na mlango, na lile neno. Kumbe halikuwa kali. Alilisema taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Nimelia, tena sana.

Sasa jua linashuka, sufuria iko motoni, upepo bado unagonga bati. Nimeuimba ule ubeti. Sauti imekwaruza, lakini imetoka. Nilipofika mwisho nikanyamaza mwenyewe, nikageuka kutazama mlangoni.

Hakuna mtu.

Hivi, ubeti wa pili ulikuwa unaanzaje?