Siku Redio Aliposimama Kikaoni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole kwa safari. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila mdomo hauna shida, na kila lori likipiga honi anauliza kama ni wewe. Mgongo wako je? Natumaini ule mto niliokushonea unaukalia mwenyewe, hujamgawia utingo.

Ujumbe wako niliupata, kwamba kampuni yenu inataka kujenga bandari kavu hapa kwetu, uwanja wa kushushia makontena, na kwamba ukianza kuleta mizigo huku utalala nyumbani badala ya kujikunja ndani ya lori. Nilimsomea mama, akaniomba nirudie. Sasa kaa vizuri, maana habari niliyo nayo inamhusu shemeji yako.

Kikao cha wananchi kilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mabwana wa kampuni walikuja na ramani za rangi, wakaeleza wee, mpaka watu wakaanza kusinzia. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, nani akasimama? Mume wangu! Fundi viatu mwenye kigugumizi, yule uliyembandika jina la Redio siku ya harusi yetu kwa sababu, ulisema, anachelewa kushika stesheni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alianza, akakwama. Vijana wa nyuma wakacheka. Mwenyekiti, kwa haraka zake, akammalizia: akasema bila shaka fundi anaunga mkono, ila ana swali dogo. Shemeji yako akatikisa kichwa, akarudi mwanzo kabisa. Akakwama tena, wakammalizia tena, akarudi tena mwanzo. Mdogo wangu, ukumbi wote ulinyamaza bila kuamriwa. Ndipo akalitoa lote. Alisema kibanda chake kinatazamana na lango la shule, na kila asubuhi anaona watoto wanavyovuka wakikimbizana bila kuangalia huku wala kule. Barabara ya kuingia mjini ni hiyo hiyo moja, na malori yote yangepita hapo. Hataki kampuni ifukuzwe. Ijenge kule njia panda, kwenye barabara kuu, hata kama ni mbali. Akaketi, jasho likimtiririka. Watu wakapiga makofi na kuita Redio! Redio! Nami nikajiona mke wa waziri.

Ikaja zamu ya kunyoosha mikono. Waliopinga walikuwa karibu ukumbi mzima. Hapa ndipo penye jambo ambalo hata mama sijamwambia. Mwenyekiti alipowaita wanaotaka bandari ijengwe hapa, nilinyoosha mkono. Mimi, mkewe, nimekaa ubavuni mwake. Sikuwaza kampuni wala ramani. Nilikuwaza wewe, utakayeshusha mzigo njia panda na kugeuza bila kutuona, na mama na honi zake. Karani akaniruka, nadhani alifikiri najikuna. Basi shemeji yako akasimama mara ya pili, nikajua leo nimekwisha. Akakwama, na safari hii hakuna aliyethubutu kummalizia. Akasema mkono wa mke wake haujahesabiwa, uhesabiwe.

Wakauhesabu. Pingamizi likapita, na bandari itajengwa njia panda. Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni ndipo akaniambia kwamba na yeye alikuwa anakuwaza wewe, ndiyo maana alikwama kuliko siku zote.

Sijui utatukasirikia kwa muda gani, na haki unayo. Lakini sina mume wa kumwonea haya, ujue hivyo. Baiskeli ameshaitia upepo. Anasema siku utakayoshusha mzigo huko piga simu tu, atakufuata, mradi ukubali kukaa nyuma.

Msalimie wifi na watoto. Mama anakuombea barabara njema.

Ni mimi dada yako,
Mke wa Redio