Dakika Arobaini Bila Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Mhandisi ametangaza asubuhi huku amejishika kiuno, kama kawaida yake akiwa na woga. Kila mtu asafishe kwake. Kwangu ni maabara ya kituo hiki cha majitaka: meza mbili, hadubini moja, jokofu linalonguruma, na kabati. Kabatini nikakuta madumu manane ya dawa ya kuulia vijidudu. Lita ishirini kila moja! Muda wake umepita tangu mwaka juzi. Nani aliyeyaacha humo? Mwenye kabati ni mimi.

Kuyatoa kihalali ni fomu tatu, sahihi ya Mhandisi, na swali: miaka miwili yote ulikuwa wapi? Nikafunga mlango. Nikamwaga dumu moja baada ya jingine kwenye sinki. Juu ya sinki pana karatasi: USIMWAGE DAWA HAPA — MAJI YANAENDA BWAWANI. Mwandiko wangu mwenyewe.

Nilijiambia bwawa ni kubwa, itachanganyika, itapotea. Miaka minne chuoni ili nije niseme "itapotea". Nimeosha mikono mara tano.

Jumanne, 4 Machi

Povu. Jeupe, limejaa bwawa lote, limemwagikia hadi kwenye ngazi.

Mzee Povu leo alikuwa ukingoni. Jina hilo tulimpa zamani, maana yeye hulisoma povu kama wengine wanavyosoma gazeti: likiwa la kahawia, wameshiba; likiwa jeupe, wanaumwa. Mwendesha mitambo, miaka thelathini na moja hapa kwenye majitaka, anastaafu Juni. Vijidudu vya bwawani anaviita "mifugo yangu". Alisimama na gambuti zake akalitazama tu.

Saa nane harufu ikaanza. Nikasema nina kikohozi, nikabaki ndani.

Jumatano, 5 Machi

Nimetazama tone la bwawa kwenye hadubini. Siku nyingine huwa ni soko la asubuhi. Wale wenye umbo la kengele wamesimama kwenye vikonyo vyao wanavuta maji, wengine wanazunguka, wengine wanatambaa juu ya tope. Leo hakuna anayetikisika. Vikonyo vimejikunja. Nikabadilisha tone. Nikabadilisha tena. Matone tisa!

Hawa ndio wanaosafisha majitaka ya mji mzima, sisi tunajisifu tu. Wanakula uchafu wetu, wanavuta hewa tunayowapulizia, wanapata nguvu, wanazaliana. Bila wao maji yanatoka kwetu kama yalivyoingia. Na chini yetu kuna mto, na mtoni kuna watu wanaofua nguo.

Saa nne Mhandisi akatuita. Nani alifanya nini Jumatatu? Naapa, ulimi wangu ulikuwa tayari. Ila Mzee Povu akaniwahi. Alisema alizima pampu ya hewa Jumatatu mchana, dakika arobaini, aitie grisi kwa ajili ya hao wakaguzi. Hakuandika kwenye daftari la zamu, alipitiwa. Mhandisi akashusha pumzi kama mtu aliyeziona funguo zake. Basi, jibu limepatikana!

Dakika arobaini haziui bwawa. Najua. Pengine hapa kazini anayejua vizuri ni mimi peke yangu. Ningesema palepale, mbele ya wote, isingechukua hata sekunde kumi. Nikawa natazama sakafu.

Ijumaa, 7 Machi

Wakaguzi wamekuja wakashika pua. Kabati langu likasifiwa. Safi sana, wakasema, wakaandika. Na mimi nikashukuru! Mdomo huu huu ulisema asante.

Mhandisi anataka ripoti ya maabara. Akanipa na jibu kabisa: kukosa hewa. Nimeandika: "Hali hii inalingana na upungufu wa hewa." Inalingana! Sikusema uongo, sikusema ukweli, nimepita katikati kama mwizi anayepita kwenye ua. Nimetia sahihi.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepika, nimekula vijiko vitatu. Akauliza kama nina mimba. Nikacheka, halafu nikalia juu ya sahani, akaogopa.

Sijamwambia. Nitamwambiaje? Dada yangu ni fundi cherehani. Akikosea kukata kitambaa cha mtu anampigia simu mwenyewe, anamwonyesha palipoharibika, anatukanwa, na wiki ijayo mteja yuleyule amerudi na kitambaa kingine. Mimi mdogo wake nimesoma kumshinda. Nikasema ni uchovu wa kazi. Akasema uchovu gani huo unaomfanya mtu aangalie chini.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Povu amekuja maabara. Akavua gambuti mlangoni, maana hajawahi kuingia nazo humu, eti hii ni zahanati ya mifugo. Soksi moja imetoboka kidole gumba. Akaomba kuangalia kama kuna aliyebaki hai.

"Nimewaua kwa mkono wangu, Mtaalamu," akasema. "Miaka yote hii, halafu mwishoni nakuja kuwaua."

Nikamwekea tope la chini kabisa, lile jeusi, ambako dawa — ambako hali ilikuwa afadhali. Ona, hata hapa, kwenye daftari langu mwenyewe, nakwepa. Ambako DAWA haikufika sana. Akainama, jicho moja kalifumba kwa kidole. Akakaa muda mrefu. Mara akapiga kelele: huyu anatembea! Kweli, vidoa vidogo vilikuwa vinakwenda. Akanishika bega kwa furaha kama nimemzalia mjukuu.

Akauliza wanaishije kule chini na hewa haifiki. Nikamweleza, na nilieleza vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nikamwambia si wote wanaotegemea hewa. Wapo ambao ikikatika wanageukia nitreti iliyomo majini, wanaivuta hiyo, kazi inaendelea. Wapo wanaotumia salfeti, ndio hao wanaotoa harufu ya mayai viza. Wapo wanaochachusha tu, kama unga uliosahauliwa kwenye bakuli. Nguvu wanayopata ni kidogo ila siku zinakwenda. Huko duniani wapo wanaopata nguvu kwenye chuma, kwenye salfa, gizani, ndani ya mawe, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Jua hawalijui. Na wapo ambao mambo yakiharibika wanajifungia kwenye ganda gumu, hawali, hawapumui, wanangoja hata miaka.

Alisikiliza huku kinywa kiko wazi. Akasema kumbe alikuwa anafuga watu wazito namna hii na hajui! Tukacheka wote wawili. Nilisahau kabisa, kwa dakika moja, mimi ni nani.

Kisha akauliza, taratibu, huku anazungusha kofia mikononi. Sasa hawa wanaojua kuishi hivyo, na zile dakika zake arobaini… zingewaua kweli?

Alikuwa amenifungulia mlango. Kilichobaki ni mimi kuingia tu.

Nikasema, "Inategemea, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Mtaalamu amesema, basi. Akavaa gambuti zake akaenda. Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu sijui umeumbwa na nini.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imetoka. Kikao cha nidhamu, Jumatano ijayo. Akionekana ana kosa anafukuzwa kabla ya Juni. Hakuna kuagwa, hakuna chochote. Ameangushiwa jumba bovu, na aliyeng'oa nguzo anakunywa chai ofisini.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kazini kuchukua sampuli. Nikamkuta Mzee Povu, na leo si zamu yake. Anachota tope zuri kutoka bwawa la pili, lile lisilopokea maji ya maabara, ndoo mbili mbili, analimimina kwenye bwawa lililokufa. Mbegu, anasema. Tangu Jumatano anafanya hivyo, na hakuna aliyemtuma. Mgongo umempinda. Nikachukua ndoo moja nikamsaidia. Akaniambia nina roho nzuri, na kwamba mzazi wangu alinilea.

Nilimwaga ndoo nusu kwenye viatu vyangu.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimekwenda kusema. Nimefika mlangoni kwa Mhandisi saa mbili kamili, nimegonga, nimeingia, nimekaa. Akauliza kuna nini. Nikaomba glavu mpya. Glavu! Akaniandikia pea sita.

Povu limeanza kuwa la kahawia. Kwenye hadubini nimeona wawili wa kengele wamesimama kwenye vikonyo vyao. Wanarudi. Uso wangu nilioupoteza, huo sioni ukirudi.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Wamesimamisha kikao wakubaliane, dakika kumi na tano.

Walikuwa watano, meza ndefu, madirisha yamefungwa. Mwenyekiti ni mama mmoja kutoka makao makuu, ana miwani ya kamba, hana haraka. Akasoma ripoti yangu kwa sauti. Alipofika kwenye "inalingana" akaacha kusoma. Akaniuliza moja kwa moja: dakika arobaini bila hewa, zinatosha kuwaua wote?

Nikasimama. Nikasema hapana.

Nikasema hazitoshi! Nikaeleza yote, nitreti, wanaolala, wanaoamka hewa ikirudi. Nikasema bwawa lingechoka kidogo na jioni lingekuwa limerudi kazini. Mhandisi akaacha kuandika. Kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikajiona mtu.

Mama akavua miwani. "Basi nini kiliwaua?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Moja, mbili, tatu… Nikasikia kiti kinasogea. Mzee Povu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akasema waheshimiwa msimsumbue huyu binti, ananionea huruma. Ana roho ya kitoto, hata ndoo amenibebea. Aliyezima ni mimi, asiyeandika kwenye daftari ni mimi.

Mama akanigeukia. Ni kweli? Ni huruma?

Nikakaa. Sikutikisa hata kichwa. Nilikaa tu, na katibu akaandika.

Sasa Mzee yuko hapa kando yangu. Ameniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, ya kwake hakuchukua. Ameniambia asante mwanangu kwa kunitetea, wengine wote wamenikimbia. Ananiona naandika, anasogeza goti nipate nafasi. Anadhani naandika utetezi wake. Ameniambia nisijisumbue, imetosha, nisije nikajiharibia kazi kwa ajili ya mzee.

Katibu amefungua mlango, anatuita. Mzee amesimama, anafuta viatu kwa nyuma ya suruali. Anasema ana ombi moja, ataliomba kabla hawajasoma uamuzi: funguo za bwawa nikabidhiwe mimi, maana mifugo haiachiwi mtu yeyote tu. Ameushika mlango. Ananingoja nitangulie.