Sufuria Sita za Githeri

Perth, Australia

Kwako Mama mpenzi,

Habari ya Kesses? Magoti yanakusumbua bado, ama baridi imepungua? Wanafunzi wanaokula kwako wamesharudi chuoni? Mimi ni mzima kabisa, ila usingizi umenihama. Mama, nakuja nyumbani!

Usikunje uso. Najua nikitamka neno hilo kwa simu wewe huniuliza kama nimekula. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Chebet, yule msichana wa huko Kesses ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee, kwa kuwa yeye anatangulia. Mara ya kwanza nilipoahidi kuja nilinyimwa likizo, mara ya pili nauli ikapanda, na mara zote mbili ulipika, majirani wakala wakafuta midomo. Maneno yako bado yananichoma: "Nekesa, mimi siweki kitu kwa moto tena mpaka nione miguu yako kwa mlango."

Sasa likizo ninayo, tiketi ninayo, na sanduku nimelifunga tangu wiki jana. Kila nikipita linanigonga goti.

Uliniuliza huku ni mbali kiasi gani, nikakujibu karibu kilomita elfu tisa, ukasema hizo ni namba za walimu. Basi nikupimie kwa kipimo chako. Unakumbuka Baba akipanda gari Webuye, wewe unabandika githeri, mahindi na maharagwe yako, naye akifika mlangoni imeiva? Kutoka hapa hadi Dubai ni sufuria nne za githeri, moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa tu angani. Ndiyo, Dubai kwanza! Ni kama mtu wa Kesses kwenda kwa shangazi kule Ziwa, ng'ambo ya Eldoret, kwa kupitia Nakuru. Dubai hadi Nairobi ni sufuria mbili. Halafu Nairobi hadi Eldoret, Mama, hata maharagwe hayajaanza kulainika, tumetua. Chebet aliposikia hesabu hii alicheka mpaka machozi. "Weh, wewe unarudi nyumbani ama unarudi jikoni?" Nikamwambia ni mahali pamoja.

Nisalimie kaka yangu Wafula, aje uwanja wa ndege na pikipiki, na asisahau kuna sanduku. Nisalimie shangazi wa Ziwa, pia mama wa duka hapo jirani aliyekula chakula changu mara mbili. Mwambie safari hii tutakula pamoja.

Wewe usije uwanjani. Ijumaa alasiri kaa uani utege sikio. Ndege ya Nairobi hupita juu ya nyumba yetu ikienda kutua, unaijua. Nikishuka, nichukue sanduku, Wafula anilete, huo ni muda wa kuku mmoja wa kienyeji kuiva. Miguu uliyoapa kuiona kwanza itakuwa inapita juu ya bati lako. Hesabu umeiona, Mama, ubandike.

Ni mimi, mwanao mwenye njaa,

Nekesa