Mke Wako Anapona Bila Wewe

Mutomo, Jumapili, baada ya kanisa

Kioko,

Wewe ni mtoto wangu na nitakuambia bila kuzunguka: umekosa adabu. Mtu hamkatii mama yake simu. Mara mbili nimekupigia nikueleze habari ya mke wako, na mara mbili umesema, "Mama, mtandao ni mbaya," na mimi nasikia jogoo wa jirani vizuri kabisa nyuma yako. Mtandao gani huo unaopitisha jogoo na kukataza mama? Sasa nimechukua kalamu. Nilifika darasa la nne tu, lakini ni kwa mwandiko huu huu baba yako alipata barua zangu akiwa kazini Mombasa, na alirudi akanioa, kwa hivyo usiucheke. Karatasi huwezi kuikatia. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Mko wazima huko? Ukungu bado unashuka asubuhi mpaka mnashindwa kuona zizi? Kikohozi cha mjukuu wangu Musyoka kiliisha, ama unamwacha akimbie bila sweta? Mpake mafuta kifuani na usiniambie hakuna mafuta. Mimi niko mzima, goti tu ndilo linanisumbua, na jua. Kijana wangu, jua la hapa halina heshima kwa mtu mzee. Maji yana chumvi, hata chai ukiitia sukari inakataa. Na mbuzi wa mwenye nyumba anayopanga mke wako alikula pindo la leso yangu ya bluu nikiwa nimeivaa, nimesimama, naongea na watu.

Sasa Mwende.

Ulinituma hapa mwezi wa tano. Maneno yako nayakumbuka: "Mama, nenda ukamtoe kwa huyo mwanamke wa kufunga macho, umlete nyumbani aombewe." Nami nilikuja na nguvu zote, kwa sababu nilikuwa naona kama wewe. Mtoto wenu alikufa kwa homa ya mapafu, tukamzika, na mimi nilizika wawili kabla yako na kesho yake nikashika jembe. Nikamkuta mwalimu mzima wa shule ya hapa, mwenye cheti, ameketi ameegemea ukuta, anaangalia mlango. Chakula kinapoa mbele yake. Mikono inatetemeka mpaka chaki inamwanguka mbele ya watoto wa watu. Nilisema huu ni uvivu wa huzuni. Nilisema hivyo, sikatai.

Siku ya kwanza nikamsindikiza kwa huyo mwanamke ili nimwambie mwenyewe kwamba kazi yake imekwisha. Anaitwa Mumbua, ni kaunsela hapa hospitalini, mwanamke wa umri wa dada yako mkubwa, na Kikamba chake ni kile cha Kitui cha kuvutwa. Chumba chake ni kidogo: viti vitatu, mkeka, dirisha. Akamuuliza mke wako, "Mwende, unalala?"

Nikajibu, "Halali."

"Unakula?"

"Anadonoa kama kifaranga."

"Na moyoni, unasikia nini?"

"Hasikii kitu, ndiyo maana tunampeleka nyumbani."

Akanigeukia polepole, akaniita bibi kwa Kikamba. "Susu, wewe pia unaitwa Mwende?"

"Hapana."

"Basi naomba ututolee kiti chako hapo nje, utungojee."

Mimi! Niliyezaa watu saba na kuongoza akina mama wa kanisa, natolewa nje kama kuku aliyeingia jikoni! Nilitoka, lakini niliuacha mlango wazi kidogo. Akaja akaufunga.

Nikakaa hapo nje na katani yangu, nikisokota nyuzi za kiondo kwa paja, nimekasirika mpaka uzi unatoka mnene kama kamba ya ng'ombe. Walipomaliza nikamshika kaunsela mlangoni. Nikamuuliza, "Nimechungulia kwa dirisha. Mnaongea, halafu mnafunga macho mnakaa kimya muda mrefu. Hiyo ni dini gani? Sisi ni watu wa kanisa."

"Hata mimi ni mtu wa kanisa, Susu. Wewe ukiomba asubuhi, hufungi macho?"

"Nafunga."

"Na ukinyamaza kidogo kabla ya kusema amina, Mungu huwa ameshaondoka?"

Nikakusanya katani yangu nikatangulia njiani, Kioko.

Basi nikakaa nione. Nilijiambia wiki moja, sasa ni miezi. Na nitakueleza anachofanya, kwa sababu wewe na mchungaji wenu mnasema ni uchawi na hakuna mmoja wenu amewahi kukanyaga hapa. Kwanza wanaongea. Si maongezi ya kupeana pole. Anamuuliza jambo moja, kisha anangoja, na anajua kungoja kuliko mtu yeyote nimeona. Sisi mtu akinyamaza tunamjazia maneno. Yeye anaacha. Halafu anamwambia aweke mkono kifuani, asikie pumzi ikiingia na ikitoka, asikie miguu iko chini, na mawazo yakija asipigane nayo, ayaone tu yakipita. Mwisho, kama Mwende anataka, wanasoma zaburi, mstari mmoja, wananyamaza, mwingine. Hakuna kelele, hakuna kusukumwa kichwa. Na hajawahi kumwambia aache dawa au aache kanisa. Anasema mtu ana mwili na akili na roho, na vyote vitatu vilikuwa kwenye yale mazishi.

Mimi mwenyewe nilijaribu hiyo pumzi siku ya mbuzi na leso. Ilinisaidia. Sikumpiga mpaka pumzi ya tatu.

Wiki ya tatu kaunsela akafungua mlango akaniita. "Susu, ingia. Na hiyo katani uje nayo." Nikaingia kichwa juu, unanijua. Akasema, "Nimekuwa nikikuangalia kwa dirisha. Ukianza kusokota unakuwa umekasirika, na baada ya muda unapumua vizuri kuliko sisi wote. Mfundishe." Kumbe alikuwa ananichungulia na mimi namchungulia! Basi nikamkalisha Mwende kwenye mkeka, akavuta sketi, nikampa nyuzi mbili, nikamwonyesha kusukuma mbele na kurudisha. Kaunsela akawa anasema polepole, "Sikia katani kwa ngozi. Usiende jana. Kaa na huo uzi tu." Mwanzoni uzi ulikuwa unakatika. Halafu mikono ya mke wako ikaacha kutetemeka. Niliona kwa macho yangu haya.

Miaka yote nimesokota na hakuna aliyeniambia ni dawa. Huyo mwanamke ana masomo mengi, na bado aliona kitu kwa mkono wa mzee wa darasa la nne. Hapo ndipo nilianza kumheshimu, na heshima yangu haipatikani sokoni.

Sasa soma hapa vizuri, kwa maana hapa kuna kosa na ni langu. Tukiwa hivyo tunasokota, akauliza, "Mwende, mtoto aliitwa nani?"

Uzi ukasimama. Mwende akaniangalia mimi, kama mtoto anayeomba ruhusa. Kioko, ni mimi niliyempa hiyo hofu. Wewe ulimpa mtoto jina langu, kama desturi yetu ilivyo, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Nilikuwa na wajina wa miezi minane ambaye alishajua kunivuta kitambaa cha kichwa. Halafu akafa, na siku ya tatu mimi nikatoa amri hapo nyumbani: nguo zote zigawanywe, na jina Ndunge lisisikike mbele ya Mwende tena. Nilifikiri ninamfunika jeraha. Hata mimi mkaacha kuniita jina langu. Mkaniita Mama Kioko, mkaniita Mama tu, akina mama wa kanisa nao vilevile. Nilimzika yule mtoto, kisha nikamzika mara ya pili na mimi mwenyewe juu yake.

Kaunsela akasema, "Susu, yeye hawezi kuanza. Anza wewe."

Nikasema. Niliweka uzi chini kwanza, nikamgeukia Mwende. Nikasema, "Mimi naitwa Ndunge. Na mtoto wako aliitwa Ndunge. Alikuwa mtoto mzuri, na alikuwa na mdomo kama wangu."

Aiya, kile kilio! Tangu mazishi huyo msichana hakuwa amelia hata tone, na sisi tukamsifu ati ana nguvu. Alilia mpaka nikafikiri nimemuua. Nikainuka nimfunge mdomo na leso, kaunsela akanishika mkono. "Acha, Susu. Kaa. Pumua na yeye." Nikakaa. Nikamweka kichwa kwa mapaja yangu juu ya nyuzi za katani. Ilipopita, yeye mwenyewe akaomba zaburi. Tukarudi nyumbani, akala sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, akakwangua sufuria, akalala mchana wote mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Hajapona kabisa. Sikudanganyi. Kuna siku anarudi kwa ule ukuta anaangalia mlango, na kaunsela anasema ndivyo ilivyo, si kama kung'oa jino. Lakini anafundisha, na mwalimu mkuu wake amenisimamisha njiani kunishukuru mimi, nami nikapokea.

Sasa sikia kilichobaki, na ndicho kimenikalisha hapa na karatasi. Kimebaki chako.

Alimweleza kaunsela nikiwa nimeketi hapo yale uliyomwambia kaburini, mbele ya mama yake mzazi: "Kama ungekuwa mama wa kukaa nyumbani, mtoto wangu angekuwa hai." Mimi sikuwa nimeyasikia. Kioko, wewe uliwahi kumuuliza siku ile ilikuwaje? Mtoto aliamka hapa Mutomo anacheka. Saa nne mama yake akaitwa kutoka darasani kwamba mtoto amezidiwa, akaacha watoto wamesimama, akambeba mgongoni kwa miguu hilo jua lote mpaka hospitali, na hakungoja mtu wala gari. Anakumbuka mtoto akipumua kwa shingo yake. Anakumbuka mahali pumzi ilibadilika, na kila siku akienda kazini anapita hapo. Hayo amebeba peke yake, na juu yake umempandishia maneno yako.

Na nimesikia mengine. Shangazi yako ameniambia unapanga na baba yako mdogo, shule zikifungwa na Mwende hajarudi, mpeleke maneno kwa wazazi wake kwamba umemwacha. Baba yako mdogo hakuweza kutunza mke hata mmoja na ndiye unamwomba shauri? Mtajaribu nikiwa nimekufa. Mahari ya huyo msichana niliichunga kwa fimbo yangu mpaka kwao, na hakuna mtu wa nyumba yangu atamrudisha kwa sababu amelilia mtoto wetu.

Usifikiri mimi sijui wewe ni mgonjwa pia. Shemeji yako ananiambia kila asubuhi unapalilia mstari mmoja wa kabichi, huo huo, mpaka mizizi imetoka nje, na upande wa kaburi hupiti. Nilipoyasikia hayo ndipo hasira yangu kwako ilipungua. Haijaisha, imepungua. Kaunsela anasema kuna jeraha ambalo mtu mmoja hawezi kulifunga kama walijeruhiwa wawili. Amesema ataweka kiti chako. Mwende hajasema anataka uje. Lakini nilipomwambia ninakuandikia, hakunikataza, akaenda akaniletea kalamu yake ya shule.

Unisalimie shangazi yako Syombua, umwambie macho yake yasichoke kuniangalizia nyumba. Msalimie mke wa ndugu yako, na kuku wangu wa madoa asichinjwe kwa mgeni yeyote. Salimia akina mama wa kanisa, hasa mweka hazina, aache kukalia kiti changu. Mchungaji msalimie kwa heshima, umwambie namkaribisha Mutomo aje aone kabla ya kuhubiri tena habari asiyoijua. Na Musyoka mwambie susu yake anamkumbuka kila akiona mtoto aliyevaa viatu mguu usio wake.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa wakati wa masika bila mkunga.

Alhamisi, siku yetu ya kaunsela, uwe hapa kabla ya saa nne. Ng'ombe mwachie ndugu yako. Musyoka uje naye, kwa sababu alifiwa na dada na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Lakini hiyo ni Alhamisi. Leo, kabla hujaikunja hii karatasi, mpigie Mwende. Usimhubirie, usijitetee. Muulize siku ile ilikuwaje, halafu unyamaze, na hata akikawia kujibu, usikate.