Baba ya Carmel

Bukavu, mwezi wa tano

Yaya Didier, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na maman Emmanuella pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lako halikusumbui tena kwa ile baridi ya Liège. Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Mvua haijaacha, njia ya kuteremka sokoni imekatika tena, na mama ananiuliza kila Jumapili baada ya misa kama unakula vizuri. Nimemwambia umenenepa.

Uliniandikia kwamba kikundi chenu kinangoja video mpya ya watoto mnaowasomesha. Naomba uwaambie wenzako kwamba mwaka huu sitaituma. Acha nikueleze sababu, maana wewe ndiye uliyenipa kazi hii ya kuwafuatilia watoto.

Unamkumbuka Carmel, yule msichana wa mwaka wa sita, ambaye mama yake Chantal anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Ndiye aliyeongea katika video ya mwaka jana, ile ambayo Martine wa kikundi chenu aliipiga alipokuja likizo. Chini ya uso wake mliandika kwamba baba yake alikufa. Watu waliipenda, wakatumiana kwenye telefoni, mpaka ikafika Kamituga.

Huko Kamituga mchimba dhahabu mmoja aliitazama, akamwita mwenzake na kumuuliza kama huyu mtoto si wake. Mwenzake huyo alikuwa Zagabe, baba ya Carmel. Hakujua kusoma vizuri, wakamsomea. Wengine walicheka, wakamwambia aende kanisani akaombewe misa ya wafu.

Alifika kwangu Jumamosi, nguo zimejaa matope ya barabara, Chantal akimfuata nyuma. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alijitambulisha hivi: “Maman, mimi njo Zagabe. Njo mimi ule mulizika.”

Alikuwa na hasira, na sikumlaumu. Alisema tumemwua ili wazungu wawe na huruma. Alisema mtoto wake si ombaomba, na kwamba kesho yake atampandisha pikipiki waende naye Kamituga, masomo ya namna hiyo hayataki. Chantal alimkumbusha kwamba mtihani wa mwisho umekaribia. Akajibu kwamba mtoto wa maiti hahitaji mtihani.

Nilimwomba radhi kwa niaba yenu. Nilimwambia kwamba watu wa Ulaya wako mbali, kwamba pengine Martine hakuelewa vizuri, na kwamba nitakuandikia mwondoe yale maneno. Yaya, nakiri kwamba wakati ule niliamini kosa lilikuwa lenu, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno makali ya kukuandikia.

Wakati huo Carmel alikuwa anatoka kwenye mazoezi ya kwaya, akapita kwangu. Alisimama mlangoni, alikuwa ametusikia, wala hakumkimbilia baba yake. Kisha akasema: “Musimugombeze Martine. Mimi njo nilimuambia kama papa alikufa.”

Baba yake alimuuliza sababu. Mtoto alijibu bila kupandisha sauti: “Maman alikuwa anakungoja kila siku. Kila pikipiki ikisimama, anatoka inje. Mutu mwenye alikufa, hatumungojei tena.”

Ndiyo hayo, Yaya. Hakuna mtu mkubwa aliyedanganya. Mtoto aliamua mwenyewe kumzika baba yake, na mama yake hakujua mpaka video ilipotoka. Alipoiona, alinyamaza. Ameniambia kwamba aliogopa mtoto angefukuzwa shule, kwa kuwa kikundi chenu kilisema kinawasaidia yatima kwanza.

Zagabe alikaa chini. Alisema shimo lao liliporomoka, wenzake wakafia humo, na tangu siku hiyo aliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Kila mwaka alisema atakwenda mwaka unaofuata. Ya kumpeleka mtoto Kamituga hakuyataja tena.

Sasa anabeba mchanga kwenye jengo moja huko Panzi na analala kwa mdogo wake. Chantal hajamfungulia mlango, na sidhani atamfungulia upesi. Carmel anaendelea na masomo yake kama kawaida.

Ninachowaomba ni mambo mawili. Ondoeni ile video. Na msimwondoe Carmel kwa sababu baba yake anapumua, maana hajawahi kukaa shuleni kwa jasho la baba huyo hata siku moja. Kama wenzako watakataa, nitatafuta njia nyingine, lakini niambieni mapema. Mimi sitamwuliza tena mtoto yeyote habari za wazazi wake mbele ya telefoni.

Juzi shule iliita mkutano wa wazazi. Mwalimu alipotaja jina la Carmel ili mzazi wake asimame, Chantal alibaki ameketi. Mwanamume mmoja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Mwalimu hakumfahamu, akamgeukia mtoto na kumuuliza huyu ni nani.

Carmel alisema: “Ni papa yangu. Alirudi.”

Mama anakubariki, na majirani wote wa zamani wanakutumia salamu. Uwabusu watoto kwa ajili yetu, na umwambie Martine asihuzunike. Mungu awalinde huko mliko.

Mdogo wako akupendaye,
Madeleine