Nilijifanya Sielewi Ili Mjukuu Wangu Asiinuke Mezani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujashika kalamu ujue kwamba barua hii sijaandikiwa na mtu, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliishia darasa la nne lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za madaktari, na za madaktari nazijua kwa sababu nimefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu, na hakuna shuka lililotoka mkononi mwangu likiwa na kunyanzi.

Ninaishi na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa anayefanya kazi mbali. Tunaitana wake wenza kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, yeye ananiita mke mkubwa, mimi namwita mke mdogo, na mume wetu, yaani babu yake, alitutoka mwaka juzi akatuachia kiti chake mezani na ukimya, maana alikuwa mtu wa kelele yule, redio juu, kikohozi juu, nikawa namwambia kila siku anyamaze, na kweli akanyamaza.

Sasa mwaka huu mke mdogo kaingia chuo kikuu kusoma biashara, na somo la kwanza walilopewa ni utangulizi wa uchumi. Mhadhiri wao akawaambia darasani, kama huwezi kumweleza bibi yako nyumbani mpaka akaelewa, basi na wewe hujaelewa. Wenzake wakacheka wakaenda zao, lakini huyu wangu akalichukua neno kama lilivyo, kwa sababu bibi anaye. Jioni akachukua kamba zangu mbili za kuanikia akazifunga kwenye misumari ukutani, juu ya meza ya kulia, moja inashuka, nyingine inapanda, zinakatana katikati. Akasema hii inayoshuka ni wanunuzi, bei ikiwa juu wananunua kidogo, ikiwa chini wananunua sana, na hii inayopanda ni wauzaji, na pale zinapokatana ndipo bei inapotulia, akabana hapo kibanio chekundu cha nguo.

"Umeelewa, mke mkubwa?"

"Nimeelewa, kwani mimi jiwe?"

Basi akakusanya madaftari yake, akaingia chumbani akafunga mlango. Nikabaki naangaliana na kibanio.

Kesho yake akaja na jambo lingine, kwamba bei ya kitu ikibadilika, kibanio kinateleza juu ya kamba ileile, lakini watu wakiongezwa mshahara, hapo kamba yenyewe ya wanunuzi ndiyo inayohama, akaifungua akaifunga kwenye misumari mingine. Mshauri, nilielewa kabla hajamaliza kukaza fundo. Nikamwambia sijaelewa. Akacheka, akavuta kiti cha babu yake, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akakaa, akaanza upya.

"Mke mkubwa, kichwa chako kimetiwa kufuli?"

"Kufuli liko sawa, ufunguo wako ndio umepinda. Rudia."

Huo ndio ukawa mchezo wangu. Siku ya chai alinifundisha kwamba kikombe cha kwanza kina raha kubwa, cha pili raha yake ndogo kidogo, cha tatu unakunywa kwa heshima tu, kila unapoongeza kimoja raha inayoongezeka inapungua, na mimi nikanywa mpaka tumbo likalia kama ndoo inayobebwa, nikasema bado sioni kinachopungua, na hapo sikudanganya sana, maana chai ilipungua utamu lakini sauti yake haikupungua, nilikuwa naingoja ipungue na haikupungua.

Sikuona kwamba yeye ndiye anayepungua. Alianza kunieleza polepole kama anaongea na mgonjwa, utani ukaisha, akawa anajipiga kipaji cha uso kwa kiganja, mimi nikasema ni uchovu wa chuo. Ukaja mtihani wa majaribio, na ndani yake swali la kamba, lilelile. Akaandika jibu vizuri, kisha akalifuta akaandika mengine. Ameanguka. Haya sikuambiwa, niliyasikia nikipita na nguo mlangoni kwake, akiongea kwenye simu na mama yake mdogo, binti yangu mwenye saluni mji mwingine.

"Mama mdogo, nakuja huko unifundishe kusuka. Kichwa changu si cha uchumi. Bibi anaelewa kila kitu duniani, hili tu nimeshindwa kumwelewesha. Kila nikieleza anakataa, basi lazima kuna mahali nakosea mimi."

Nilienda kupiga pasi zile nguo zikiwa mbichi.

Jumatatu anakwenda ofisini chuoni kujiondoa. Kamba ziko ukutani, mezani hakai mtu, anakulia chumbani, na nikigonga ananijibu "naam, bibi". Bibi, mshauri. Si mke mkubwa tena. Nikimwambia kweli atajua mimi ni mwongo na atakuwa na haki ya kutokaa nami maisha yake yote, nikinyamaza anakwenda saluni, na hata akifaulu ataondoka, maana wenye shahada hawakai na wapiga pasi, kwa hiyo kila upande mimi nabaki na kiti. Na usiniambie nitafute wenzangu wa rika langu, nimewaona, wanaongea magoti tu. Wala usinihurumie, sijawahi kumwomba mtu aje anikalie na sitaanza uzeeni. Niambie la kufanya, na uniambie upesi.

Ni mimi, Mke Mkubwa.

MSHAURI ANAJIBU

Mke Mkubwa, shikamoo. Heshima yako umeipata, sasa kaa nikugombeze.

Umemfanya mtoto ajione mjinga ili wewe usionekane mpweke. Geuza maneno utakavyo, jambo ni hilo. Kuna kitabu, kuna mhadhiri, na yeye akakuamini wewe kuliko wote, akafuta jibu sahihi kwa sababu bibi yake alikuwa halikubali. Anayeaminiwa hivyo keshapendwa, bibi. Ulichokuwa unaiba ulikuwa umeshapewa.

Umenikataza kukuhurumia. Hilo sitakutii. Mtu aliyezoea kikohozi cha mwenzake miaka yote, akaachiwa kiti kitupu, ana haki ya kuumia. Lakini haki ya kuumia si ruhusa ya kudanganya. Na hicho kiburi chako sikielewi. Mashuka ya hospitali nzima umeyafua, damu na mengineyo, hukuona kinyaa, leo neno "kaa nami" ndilo litakalokuchafua mdomo?

Usingoje Jumatatu. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, gonga mlango wake. Usimtume binti yako wa saluni akusemee. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na leo zamu ya kubembelezwa si yako. Mwite mezani. Akae yeye, usimame wewe. Chukua kibanio chekundu umfundishe alichokufundisha. Bei imebadilika, telezesha kibanio. Mishahara imeongezwa, fungua kamba, ihamishe misumari. Ukimaliza usimwulize kama ameelewa. Mwambie, "Hivi ndivyo ulivyonieleza mara ya kwanza, na nilielewa mara ileile ya kwanza. Jibu ulilolifuta ndilo lilikuwa jibu."

Kisha nyamaza. Najua ni kazi.

Atakasirika. Mwache. Usimtaje babu yake, usitaje upweke, usitaje miguu inayouma. Akifunga mlango kwa kishindo, shukuru, angalau nyumba imepata kelele. Na Jumatatu, kama bado atataka kwenda ofisini kujiondoa, atakwenda akijua kwamba analiacha somo analoliweza. Hapo utakuwa uamuzi wake. Kwa sasa ni uongo wako unaotembea kwa miguu yake.

Kuhusu kuondoka, ndiyo, ataondoka. Kwa kusuka au kwa shahada, ataondoka, hukumlea ili ajaze kiti. Ila aliyeondoka kwa aibu hupita nje ya nyumba akitazama kando, na aliyeondoka kichwa juu huingia hata bila hodi, akafunua sufuria kabla ya kusalimia.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote. Hasira zikishapoa, mwombe. Bila kamba, bila vikombe, bila kujifanya. Mwambie, "Mke mdogo, leo sina swali. Kaa tu." Najua litakukwama kooni. Basi lizoee kwanza, kwa sauti, mbele ya kile kiti, na usijifanye hulielewi.